Mhusika wangu nimemtoa kwa marehemu baba, nashindwa kumfanya atende ubaya na riwaya imesimama

SautiYaPembeni

Habari zenu wadau, naomba mawazo yenu maana nimekwama, na sio kule kukwama kwa kukosa cha kuandika. Cha kuandika ninacho, najua kabisa nini kinafuata, ila mkono unakataa.

Naandika riwaya, iko katikati hivi. Kuna mzee mtunza stoo, analea mabinti wawili peke yake, na mdogo wake wa kiume anaishi nao hapohapo nyumbani. Stoo inaibiwa, mdogo mtu anakamatwa, na mzee anajua fika kwamba muda ule mdogo wake hakuwa karibu na ile stoo kwa sababu walikuwa pamoja. Mdogo mtu mwenyewe ndiye anayesema mahakamani muulizeni kaka, nilikuwa naye. Mzee anaitwa kutoa ushahidi na anamkana. Mdogo mtu anafungwa, na nusu yote ya pili ya riwaya ni yale yanayotoka kwenye lile jambo, mabinti wanakua nalo bila kujua, mmoja anakuja kujua, na kadhalika.

Sasa tatizo ni kwamba huyu mzee ni marehemu baba yangu. Sio kwa matukio, baba hajawahi kufanya kitu cha namna hiyo hata kukikaribia, ila yeye kama mtu. Anavyokohoa kidogo kabla hajaongea, anavyokunja gazeti mpaka linakuwa dogo kabisa halafu analiweka chini ya mto, anavyoinuka kwenye kiti kwa kushika magoti, vyote ni vyake. Na kila nikifika kizimbani namwandika anasema ukweli. Nakaa chini na nia kabisa kwamba leo namkanisha, hakimu anauliza, mzee anakohoa, na anasema yote. Akishasema basi hadithi imekwisha, mdogo mtu anaachiwa wanarudi nyumbani. Nimejaribu kuruka nikaandika yanayofuata lakini hayana uzito manake mimi mwenyewe sikumwona akifanya.

Sura za mwanzo nilikuwa naandika kwa furaha sana, mimi ndiye binti yake mkubwa na ilikuwa kama nakaa naye tena. Sasa hivi najiona kama namsingizia mtu ambaye hawezi kujitetea. Nimtoe huyu mhusika nitengeneze mwingine? Nibadili ploti? Mliowahi kuwatoa wahusika kwa watu wenu wa karibu mlifanyaje?

---

KalamuYaJioni

Pole dada kwa kuondokewa na mzee. Ploti usiiguse tafadhali, hiyo ya mdogo mtu kusema "muulizeni kaka" ni nzito na ndiyo riwaya yenyewe.

Mimi naona mambo mawili yamechanganyika hapo. La kwanza ni kwamba umemhamisha mtu mzima mzima, mwili wake, tabia zake, mpaka dhamiri yake, na mtu aliyekamilika namna hiyo hawezi kutii mwandishi, atafanya kile ambacho yule wa kweli angefanya. Kwa hiyo akisema ukweli kizimbani sio kwamba umeshindwa kuandika, ni kwamba umemwandika baba yako sawasawa. Riwaya lakini haikuhitaji baba yako, ilihitaji mtu mwenye kikohozi cha baba yako na maisha mengine tofauti kabisa.

Angalia alivyofanya Charles Dickens. Baba yake, John Dickens, alifungwa kwa madeni mwaka 1824 kwenye jela ya Marshalsea kule London, na mtoto mwenyewe akiwa na miaka 12 tu akawa anafanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu. Yule baba akaja kumgawa. Kwenye David Copperfield, iliyotoka 1849 mpaka 1850, akawa Micawber, mtu wa madeni yasiyoisha lakini mchangamfu, wasomaji wanampenda mpaka leo. Baba alikuwa bado hai wakati huo, alifariki 1851. Halafu kwenye Little Dorrit, kuanzia 1855, ikarudi jela ileile ya Marshalsea, safari hii ndani yake yuko mzee William Dorrit mwenye majivuno, anayekula jasho la binti yake huku akijifanya hajui. Msukumo wa baba mmoja umezaa watu wawili ambao hawafanani hata kidogo. Ukimgawa mtu hivyo unapata nafasi ya kupumua, kile unachokipenda kinakaa kwa mmoja na kile kinachokuuma kinakaa kwa mwingine.

Wewe unaweza kumpa ule uaminifu wa baba yako yule mdogo mtu. Fikiria kidogo. Yeye ndiye anayesimama mbele ya hakimu akiamini kabisa kwamba kaka yake atasema kweli, yaani hamna hata wazo la pili kichwani mwake. Huyo ndiye baba yako. Na mzee abaki na kikohozi na gazeti tu.

La pili ndilo naliona kubwa zaidi. Umesema mzee anamkana mdogo wake, hujasema kwa nini. Mtu mwema hamkani ndugu yake hivihivi, kuna kitu anakilinda, na mpaka ukijue hicho kitu utaandika na kufuta mpaka uchoke. Swali langu, walikuwa pamoja wapi siku hiyo?

---

msomaji_tu

Hebu iandike ile sura ukiwa kwenye macho ya mdogo mtu. Yeye hawezi kuingia kichwani kwa kaka yake, na wewe hutalazimika kuingia pia.

---

Bwana Rasimu

Naomba nipingane kidogo na waliotangulia, kwa heshima.

Dada, maneno yako "ilikuwa kama nakaa naye tena" ndiyo yaliyonishika. Mimi nadhani una vitabu viwili kwenye faili moja. Kimoja ni riwaya ya mtunza stoo, kingine ni kumbukumbu za baba yako, na hicho cha pili kinadai haki yake, ndio maana kinamzuia huyu wa kwanza. Ukianza kumgawagawa kama alivyoshauri KalamuYaJioni kabla hujamwandika alivyo, utakuwa unaondoa kitu ambacho bado hujakiweka mahali.

Shaaban Robert alikuwa na ngano zake za kubuni, Kusadikika, Adili na Nduguze, zenye nchi ambazo hazipo na watu ambao hawapo, lakini maisha yake mwenyewe aliyaweka kwenye Maisha Yangu, na ya Siti binti Saad akayaweka kwenye wasifu. Kila kitu kilipata chombo chake. Sisemi uchapishe, nasema fungua faili jingine, mwandike mzee wako kama alivyo kwa jina lake, uaminifu wake wote, mpaka uone umemaliza. Kisha rudi stoo.

Na riwaya nayo inaweza kufanya kazi hiyo, sibishi. Virginia Woolf alifiwa na mama yake mwaka 1895 akiwa na miaka 13, na alikuja kuandika baadaye kwamba mawazo ya mama yake hayakumwacha mpaka alipomweka kwenye To the Lighthouse mwaka 1927, baada ya hapo akaacha kuisikia ile sauti. Lakini kumbuka pale kile kitabu kilikuwa kinawatafuta wazazi wake wenyewe, sio kuwapa kesi isiyo yao. Kwako ni tofauti. Wewe unamvalisha mtu dhambi asiyoifanya, na nafsi yako inagoma, mimi naona huo mgomo una sababu na usiukanyage tu kwa mbinu za uandishi.

---

KalamuYaJioni

Bwana Rasimu nakubali kuhusu faili la pili, kwa kweli ni ushauri mzuri. Ninachoogopa ni mtu kwenda kwenye hilo faili asirudi. Wangapi tunawajua wana riwaya nusu kwa sababu walienda "kujiandaa kwanza"? Afanye vyote sambamba, asubuhi kimoja jioni kingine, au hata kurasa za kumbukumbu azitumie kama kupasha mkono kabla ya kazi yenyewe.

---

SautiYaPembeni

Asanteni sana jamani, nimesoma zote taratibu.

KalamuYaJioni swali lako la walikuwa wapi limenikamata maana jibu sina. Niliandika tu "walikuwa pamoja" na nikapita. Nimekuwa nikiona kwamba sababu ya kumkana mdogo wake ni woga, basi, woga wa jumla jumla, na labda ndio maana baba haingii humo, hakuwa mtu wa woga.

Bwana Rasimu, nimeanza lile faili usiku huohuo, na nimelia, lakini nimeandika. Kuna kitu kimoja sijakisema, mama yupo na anasoma kila ninachoandika. Hata mkiniambia mbinu zote za dunia, najua siku moja atafika ile sura ya mahakamani, atakiona kile kikohozi, na ataniuliza. Na wajomba nao wapo. Hilo linanikaa kichwani nikiwa naandika, yaani kabla sijamaliza sentensi nimeshawasikia.

---

Nyuma_ya_Pazia

Hapo kwenye familia nichangie kwa sababu nimepita njia hiyo.

Kuna mwandishi wa tamthilia wa Marekani, Eugene O'Neill, alimaliza mwaka 1941 kazi moja inayohusu nyumba yao wenyewe, baba, mama, kaka na yeye, imewaanika wote. Akaifunga kwenye bahasha, akaagiza isifunguliwe mpaka miaka 25 ipite tangu kufa kwake. Alikufa 1953, mke wake akaruhusu itoke 1956, lakini hilo ni jambo jingine, ninachotaka uone ni kwamba mtu aliandika kwa ukweli ule, halafu akaamua mwenyewe isomwe lini. Sasa wewe hujaandika hata ya nyumbani kwenu, umebuni. Unaweza kujipa bahasha hiyohiyo kwa muda mfupi zaidi. Mwambie mama sasa hivi kwamba hii safari hii ataisoma ikikamilika, hamna kumsomea sura moja moja. Mwambie kwa upole na mapema, kabla hajaomba, manake akishaomba utashindwa kumkatalia.

Drafti ya kwanza ni yako peke yako, na hili nalisema kwa uzito wote. Uamuzi wa nini kibaki na nini kitoke unafanyika baadaye, ukiwa na kitu kizima mkononi. Kile kikohozi unaweza kukitoa siku ya mwisho kwa kazi ya jioni moja. Lakini ukikitoa leo kwa kumwogopa mjomba, utamtoa na uhai wake, maana hivyo vitu vidogo ndivyo vinavyokusaidia umwone.

Na kingine, watu huwa hawajitambui pale tulipowaweka. Ndugu yangu mmoja nilimtumia karibu mzima kwenye hadithi fupi, sura, mwendo, hasira, hakujiona kabisa. Akajiona kwenye mhusika mwingine ambaye nilimtunga tu kichwani, akanuna muda mrefu. Kwa hiyo huwezi kumlinda kila mtu, hata ukijaribu hutajua unamlinda wapi.

---

Binti Wino

Mimi naongea kama msomaji zaidi, ila nadhani inahusika.

Nikimfikiria baba kwenye riwaya zetu namkumbuka Zakaria wa Rosa Mistika, ya Kezilahabi, 1971. Mlevi, mkali kupita kiasi kwa Rosa kwenye habari za wavulana. Lakini ule ukali ukiutoa, Rosa anayefika shuleni anakuwa mtu mwingine na yanayomkuta huko hayana mzizi. Zakaria anabeba ile hadithi kwa ubaya wake. Na nikiwa nasoma simchukii kwa namna rahisi, kwa sababu ukali wake unatoka sehemu ambayo nami naijua, anataka kumlinda mtoto, analinda vibaya.

Kwa hiyo dada, sisi wasomaji hatutamhukumu mzee wako kama unavyoogopa. Tunamhukumu mhusika pale tu ambapo mwandishi kamwacha bila sababu. Mzee asiye na doa hata moja, anayekohoa vizuri na kukunja gazeti vizuri, huyo tutamsahau hata tukiambiwa alikuwa mtu mwema sana.

---

KalamuYaJioni

Nimerudi kwenye lile la walikuwa wapi maana limenikaa.

Mzee ni mtunza stoo, si ndiyo? Funguo anazo yeye. Sasa weka hivi, siku ya wizi mzee alitoroka kazini. Binti mdogo aliugua, mdogo mtu akamfuata kazini mbio, wakaondoka wote wawili kumpeleka mtoto hospitali, na stoo ikabaki bila mtu, pengine hata mlango haukufungwa vizuri. Ndipo ikaibiwa. Kwa hiyo akisema "ndiyo, nilikuwa naye" amemwokoa mdogo wake na papohapo amekiri kwamba yeye aliacha lindo. Kazi imekwenda, pengine na kesi inamgeukia yeye, na mabinti wawili hawana mwingine wa kuwalea, kwa sababu hata huyo baba mdogo hana kazi ya maana.

Unaona inavyogeuka? Hapo sio woga wa jumla jumla. Anachagua kati ya mdogo wake na watoto wake, na muda ni ule wa hakimu kumaliza swali. Na kile kilichomfanya aondoke stoo kilikuwa upendo, na kinachomfanya amkane ndugu yake ni upendo uleule. Mtu mwema anaingia humo bila kubadilika tabia hata kidogo. Nakuuliza kwa heshima kabisa, sina haja unijibu hapa, marehemu angefanya nini akiwa kwenye hali hiyo? Sio yule anayesema ukweli siku zote. Yule mwenye mabinti wawili.

Na usisahau mdogo mtu yuko kizimbani na anaelewa vizuri kwa nini kaka yake anamkana. Na yeye pia hasemi habari ya hospitali. Kwa nini hasemi? Hapo una sura nyingine nzima.

---

Bwana Rasimu

Hilo la mdogo mtu kunyamaza naye ni zuri mno. Hakimu anaona watu wawili wanafichana kitu na anadhani ni wizi.

---

Fundi wa Sentensi

Nami niongezee upande wa kuiandika yenyewe, maana hata ukiwa na sababu bado kuna kazi ya kumfanya mtu anyamaze kwenye karatasi, na ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Kwanza, shahidi akiulizwa hawezi kukaa kimya tu kama sanamu, atabanwa. Kwa hiyo anahitaji uongo, na uongo wa mtu mwaminifu huwa mdogo sana. Hatatunga kisa. Atatafuta neno dogo kuliko yote linaloweza kumtoa pale. Kitu kama hiki, nakuandikia haraka tu uone ninachomaanisha:

*Hakimu akauliza tena, siku ile mdogo wako alikuwa wapi. Mzee akakohoa. Mbele yake karani alikuwa na rundo la karatasi, moja imetokeza pembeni, na mzee akaitazama hiyo moja. "Sikumbuki," akasema. Karani akaandika.*

Angalia hapo hatujaingia moyoni mwake kabisa. Hatujasema aliumia, hatujasema dhamiri ilimsuta, wala machozi hayakumlengalenga. Ukiandika "moyo wake ulipasuka vipande vipande" umemsaidia msomaji kazi ambayo alitaka kuifanya mwenyewe, na tena umemwombea mzee msamaha kabla hajaombewa. Nadhani hapo ndipo upendo wa mwandishi unapoharibu, kwenye yale maelezo ya ziada ya kumtetea. Weka tu alichokitazama. Mtunza stoo anaona karatasi imekaa vibaya, hiyo ndiyo kazi yake maisha yote, kupanga vitu.

Na kikohozi chako kitumie vizuri. Kama sura zote za mwanzo anakohoa kabla ya kusema jambo la kweli, basi pale kizimbani msomaji akikisikia anajua sasa anasema, anasema... halafu "sikumbuki". Kimeshafanya kazi ambayo kurasa tatu za maelezo haziwezi. Baada ya hapo usikitumie tena ovyo. Labda asikohoe kabisa mpaka siku binti anapomuuliza.

Usiandike sura hiyo kwa mara moja pia. Andika mazungumzo matupu kwanza, swali na jibu, bila "alisema kwa huzuni" wala nini, kama kumbukumbu za karani. Yakisimama yenyewe ndio urudi kuweka chumba na watu.

---

SautiYaPembeni

Jamani sijui niwashukuruje.

Niliongea na mama. Nilimwambia hii atasoma ikiisha, hakuuliza sana, akasema tu usimfanye malaika, baba yako alikuwa anakasirika akikosa kikombe chake. Sikutegemea kabisa asikie kwamba ni kuhusu baba, sikuwa nimemwambia.

Nimechukua lile la hospitali, ila nimeligeuza, aliyeugua ni binti mkubwa, sio mdogo. Yaani yule atakayekuja kujua baadaye ndiye aliyekuwa sababu. Nikaandika mazungumzo matupu kama alivyosema Fundi wa Sentensi, na mzee akasema sikumbuki. Amesema. Niliandika nikaendelea mpaka mdogo mtu anateremka kizimbani ndipo nikasimama. Uaminifu wa baba nimempa huyo mdogo mtu, na ameanza kuwa na mambo yake ambayo sikuyapanga, kwa mfano hataki kaka yake amtembelee gerezani na mimi bado sijajua sababu ni nini, nadhani anaogopa kwamba wakionana mzee atakwenda kukiri.

Bado nina swali la jinsi ya kuruka miaka. Kutoka hukumu mpaka mabinti wakubwa ni muda mrefu, na nikiandika "miaka ikapita" naona kama nakimbia. Mnafanyaje?

---

Nyuma_ya_Pazia

Hongera sana dada. Kuhusu miaka, usiipitie yote, shuka moja kwa moja kwenye siku ambayo kitu kimoja nyumbani kimebadilika kwa sababu ya ile hukumu na msomaji akione bila kuambiwa ni miaka mingapi. Kwa mfano kile kitanda cha baba mdogo sasa analala nani? Hapo tayari tumejua muda umekwenda, na tumejua nani ameanza kumsahau.

---

msomaji_tu

Na barua zake kutoka gerezani, nani anazifungua?

---

SautiYaPembeni

Mzee. Anazikunja mpaka zinakuwa ndogo kabisa, anaweka chini ya mto. Ngoja niende nikaandike.